Spika za Sebuleni: Anza na Chumba, Kisha Muziki, Ndipo Uende Dukani

Chumba changu cha kwanza cha kupanga kilikuwa futi 10 kwa 10: kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari la jipsamu. Nilidunduliza fedha miezi mingi nikanunua spika mbili ndefu, zinanifika kiunoni, kila moja inabebwa na watu wawili. Jioni ile nikaweka rumba. Mpiga besi alipogusa noti fulani, kioo cha dirisha kilitetemeka na sauti ya mwimbaji ikamezwa. Nilipovuta kiti katikati ya chumba, noti ile ile ikatoweka kabisa. Fundi alizifungua mara mbili, akazipima, akaniambia hazina kasoro. Alisema kweli. Baadaye nilimuuzia rafiki mwenye sebule ya futi 16 kwa 20, na siku niliyokwenda kumtembelea nilizikuta zinaimba kwa utulivu ambao kwangu sikuwahi kuusikia.

Tangu hapo mtu akiniuliza spika gani ni nzuri, nami humuuliza: unakaa chumba gani, na unasikiliza nini? Mambo ya wati, umbo na bei yanafuata baadaye.

Hatua ya 1: Pima chumba

Chukua tepu, pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita. Halafu chukua 174, gawanya kwa kila kipimo. Jibu ni noti ambayo chumba chako kitaivimbisha, kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde.

Namba hiyo ina sababu. Katika joto letu la nyuzi 28 hivi, sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6 na kitu. Likiwa kati ya kuta mbili zilizoachana kwa nusu ya urefu huo, hugonga upande huu, likarudi, likajipandia lenyewe, na noti hiyo ikavimba kuliko jirani zake. Futi 10 ni mita 3.05, na 174 ukigawanya kwa 3.05 unapata 57. Uzi wa La wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 55. Sasa fikiria chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari la futi 10: urefu, upana na kimo vyote vinavimbisha noti ile ile, mahali pale pale ambapo besi ya rumba na ngoma ya mguu hupenda kukaa. Ndiyo maana chumba changu kilinguruma. Na katikati kabisa ya chumba cha namna hiyo noti hiyo hufa, wakati ukutani inakuziba masikio.

Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatoa hezi 43 na 35. Vipimo vikitofautiana uvimbe unagawanyika, na besi inakuwa na mahali pa kupumulia. Kwa hiyo kama kipimo kimoja kinakaribiana na kingine, hilo ni onyo la kwanza: usinunue spika inayosukuma besi kubwa, hata ukipewa kwa nusu bei.

Kisha simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali. Ukisikia "trrrr" ya chuma baada ya kofi, kuta zako tupu zinarushiana sauti, na spika yenye twita kali (twita ni kile kispika kidogo cha sauti za juu) itakuchosha ndani ya nusu saa. Ukisikia kofi tu, sofa zako, zulia na mapazia mazito vinafanya kazi.

Tazama pia kuta zimejengwa kwa nini. Saruji huifungia besi ndani. Mabanzi, bati na dari jepesi huiachia itoke, kwa hiyo nyumba ya namna hiyo inastahimili spika kubwa zaidi kuliko chumba cha zege chenye ukubwa uleule. Nyumba za mawe za Unguja, Mombasa na Lamu zina tabia yake: vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Humo weka spika kwenye ukuta mfupi zitazame urefu wa chumba. Dari refu na kuta nene zinazobonyea huku na kule zinasaidia, lakini kile chumba chembamba kinahitaji spika ndogo.

Jambo moja ambalo miongozo mingi ya nje hailigusi: sisi tunasikiliza madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka. Dirisha lililo wazi hutoa besi nje, na feni hufunika sauti nyororo. Pima kwa hali unayoishi kweli.

Hatua ya 2: Sikiliza muziki wako upya

Andika nyimbo 5 ambazo huchoki kuzisikia. Zisiwe nyimbo za kumwonyesha mgeni uwezo wa redio. Ziwe zile unazoweka ukiwa peke yako usiku. Kisha sikiliza kila moja ukijiuliza: kinachonivuta humu ni nini?

Ukiwa mtu wa taarab asilia, jibu ni sauti ya mwimbaji, udi, qanun, fidla na akodiani. Karibu yote hayo yanakaa katikati, hezi 80 kwenda juu. Unachohitaji ni spika inayotofautisha ukwaruzo wa upinde kwenye uzi na pumzi ya akodiani, na inayotamka maneno, maana utamu wa taarab uko kwenye fumbo, na fumbo usilolisikia silabi kwa silabi limepotea. Kwa muziki huu spika ndogo nzuri ya njia mbili, yaani yenye spika moja ya besi na kati na twita moja, inaishinda spika kubwa ya bei hiyo hiyo. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipotaka spika za kuweka ndani ya magari ya kurushia matangazo miaka ya 1970, wahandisi wake walitengeneza LS3/5A, kijisanduku cha kimo cha sentimita 30 hivi. Haitikisi kifua, lakini sauti ya binadamu inatoka humo kama mtu aliyeketi mbele yako, na hadi leo watu wanazitafuta. Ziliundwa kwa ajili ya chumba kidogo na sauti ya mtu, na hivyo ndivyo vitu ambavyo wengi wetu tunavyo.

Rumba na dansi zinadai zaidi. Kuna gitaa la solo, la ridhimu, mara nyingi na la tatu katikati yao, na kila moja lina mazungumzo yake. Spika mbovu huyafanya yote kuwa uji mmoja. Spika nzuri hukuwezesha kumfuata mpiga ridhimu peke yake kuanzia mwanzo wa sebene hadi mwisho. Besi ya rumba huimba, haipigi tu, kwa hiyo unataka kusikia noti ikipanda na kushuka. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41, lakini spika inayoshuka vizuri hadi 50 inakutosha, kwa sababu sikio hujaza msingi wa noti kutokana na sauti zake za juu. Rekodi za zamani za bendi zetu, zile za Redio Tanzania Dar es Salaam na nyingine za wakati huo, nyingi ni mono, yaani sauti ile ile kwenye spika zote mbili, na zina ukwaruzo wa kanda. Twita kali itakuletea ukwaruzo huo mbele ya mwimbaji. Chagua twita ya kitambaa, iliyo laini, uache zile zinazong'aa kupita kiasi.

Bongo fleva, amapiano na muziki wa klabu vinabeba besi iliyotengenezwa kwa kompyuta, mara nyingi chini ya hezi 50, na hapo sikio haliwezi kukusaidia sana. Besi yenyewe ndiyo wimbo. Kwa muziki huo, spika za wastani pamoja na sabufa ya kujitegemea ni njia bora kuliko spika ndefu, kwa sababu sabufa unaweza kuihamisha na kuipunguza.

Singeli ni kisa cha peke yake. Mdundo wake unavuka mapigo 200 kwa dakika, yaani kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3 au chini ya hapo. Besi inayoning'inia chumbani kwa nusu sekunde itakuwa bado inanguruma pigo la pili linapofika, na lile la tatu linakanyaga mngurumo wa la pili. Watu hudhani singeli inataka spika kubwa. Inataka spika inayosimama haraka: koni (ile sehemu inayosukuma hewa) ngumu ya inchi 5 au 6, sanduku lililozibwa au lenye tundu lililopangwa vizuri, na chumba chenye zulia.

Kwaya, kaswida na mawaidha: angalia herufi "s" na "sh". Zikichoma sikio dukani, nyumbani kwenye vigae zitachoma mara mbili.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Kwa chumba cha futi 10 hadi 12, chukua spika ndogo za kuweka juu ya stendi, koni inchi 4 hadi 5.5. Sebule ya futi 14 hadi 16 inabeba inchi 6.5, au spika nyembamba za kusimama. Spika kubwa za kusimama ziachie sebule inayozidi hapo, na hata humo ziwe na nafasi ya kuachana na ukuta.

Geuza spika utazame nyuma yake. Tundu nyuma maana yake spika inataka hewa. Ukiibana ukutani itanguruma. Tundu mbele inavumilia ukuta kidogo. Sanduku lililozibwa, lisilo na tundu popote, hupunguza besi taratibu inaposhuka, na kwa hiyo ndilo rafiki wa chumba kidogo ambacho spika lazima zikae karibu na ukuta. Ukuta huongeza besi, kona huongeza zaidi. Paul Klipsch, Mmarekani, alilitumia jambo hilo kwa makusudi: Klipschorn yake ya 1946 iliundwa isukumwe kwenye kona, kuta mbili ziwe sehemu ya pembe yake ya kukuzia sauti. Spika ya kawaida haikuundwa hivyo, na kuiweka kona ni kujitafutia mngurumo.

Hatua ya 4: Soma namba, lakini zile za kweli

Ukiona PMPO, yaani wati za kilele za kujisifia, kwenye boksi, iache. Herufi hizo hazina kanuni inayoheshimiwa. Redio ya wati 20 huandikwa 2,000. Tafuta RMS, yaani wati ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo. Kama spika ina amplifaya ndani, angalia kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme wati ngapi: chombo kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa sauti ya wati 300 kwa muda wowote wa maana.

Namba yenye faida kuliko wati ni ile ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Hiyo inaeleza spika ni nyepesi kiasi gani kuitika. Tuseme umeketi mita 3 kutoka spika zako mbili. Kwa spika ya desibeli 86, wati 1 kwa kila moja inakufikia ikiwa desibeli 80 hivi. Ukitaka vilele vya muziki vifike 100, unahitaji mara mia: wati 100. Ukiwa na spika ya desibeli 90, wati 40 zinakufikisha pale pale. Tofauti hiyo ya desibeli 4 ni tofauti ya amplifaya ya bei nafuu na ya bei kubwa. Anayeanza na amplifaya ndogo atafute spika ya 88 kwenda juu. LS3/5A niliyoitaja ni 83 hivi, ndiyo maana hailingani na mtu anayetaka sherehe.

Kisha omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia mkondo wa umeme. Spika ya omu 8 ni salama kwa amplifaya karibu zote. Ya omu 4 huvuta mkondo mkubwa zaidi, na amplifaya dhaifu itachemka. Soma nyuma ya amplifaya inaruhusu omu ngapi, usikubali maneno ya "itabeba tu".

Kama spika ina umeme wake na imetoka Japani au Marekani, soma volti kabla ya kuchomeka. Huko ni volti 100 na 120. Kwetu ni 230. Spika isiyo na amplifaya ndani haina shida hiyo.

Hatua ya 5: Dukani

Nenda na nyimbo zako 5 kwenye simu, zikiwa zimeshushwa kwa ubora wa juu. Muuzaji atataka kuweka wimbo wake, ule wenye besi ya kubomoa. Mwambie kwa heshima, "Kaka, naomba tujaribu na hii yangu."

Usilinganishe spika mbili sauti ya moja ikiwa juu kuliko ya nyingine. Sikio letu huona iliyo juu kidogo kuwa bora, hata kwa tofauti ya desibeli 1, na wauzaji wanalijua hilo. Rekebisha hadi sauti ya mwimbaji ilingane.

Weka rekodi ya mono, keti katikati. Mwimbaji anapaswa kusimama kati ya spika mbili, kwenye hewa tupu. Akivutwa upande au akitapakaa, ama waya umegeuzwa ama spika hazifanani. Kisha punguza sauti hadi kiwango cha kuongea na mtu. Spika nzuri inabaki na uhai hapo chini, maneno yanasikika, besi haipotei. Kwa maisha ya nyumba za kupanga, zenye jirani nyuma ya ukuta na mtoto aliyelala, jaribio hili lina uzito kuliko lile la kufungulia hadi mwisho.

Hatua ya 6: Ukinunua zilizotumika

Mtumba wa spika una mali nzuri, hasa za miaka ya 1980 na 1990, ila tazama mambo haya. Gusa duara linaloshika koni pembeni. Kama ni mpira, sawa. Kama ni sponji, bonyeza taratibu kwa kidole: sponji iliyochoka hunata au humeguka kama keki kavu, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Inatengenezeka, lakini toa gharama hiyo kwenye bei.

Weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu, sawasawa pande zote. Iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekaa upande, iache.

Beba betri ndogo ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Gusa chanya ya betri kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi, kwa muda mfupi tu. Koni iruke mbele na kutoa "tap". Fanya hivyo kwa spika zote mbili; moja ikirudi nyuma, kuna mtu aliifungua na kugeuza waya. Betri haitakuonyesha hali ya twita, kwa hiyo hiyo isikilize kwa muziki, sikio karibu kabisa. Tazama pia vishikio vya waya: chumvi ya bahari huvigeuza kijani.

Hatua ya 7: Nyumbani

Hapa ndipo fedha yako inaongezeka thamani bure. Zitoe spika juu ya kabati la TV na rafu za shokesi. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umeketi, sentimita 90 hadi 100 kwa sofa nyingi. Stendi fundi seremala anakutengenezea. Jaza mchanga mkavu miguu ikiwa ni ya bomba.

Anza na sentimita 50 kutoka ukuta wa nyuma. Umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa wewe na kila spika. Usiketi katikati kabisa ya chumba wala kuegemea ukuta. Theluthi moja ya urefu kutoka ukuta wa nyuma yako ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha zisogeze spika sentimita 5 kwa 5, mbele na nyuma, ukisikiliza besi ya wimbo mmoja tu. Utafika mahali noti zote zinalingana. Ndipo uzielekeze kidogo kwako, hadi mwimbaji akae katikati.

Mwombe mtu atembeze kioo ukutani ubavuni huku wewe umeketi. Pale unapoona twita ndani ya kioo, sauti ndipo inaporuka kukufikia mara ya pili. Pazia zito, rafu ya vitabu iliyojaa, au mkeka mnene uliotundikwa na nafasi ya sentimita 5 nyuma yake hulainisha pale. Sakafuni, zulia mbele ya spika kabla ya kitu kingine chochote. Trei za mayai za ukutani hazisaidii besi hata kidogo.

Mwenye sabufa aiweke kwanza pale anapoketi, juu ya kiti chenyewe, aweke wimbo wa besi, kisha atambae kwa magoti kando ya kuta. Pale besi inaposikika safi na sawa ndipo sabufa ikae. Ikatwe kwenye hezi 80, yaani ipige zilizo chini ya hapo tu, kwa sababu chini ya hapo sikio haliwezi kuonyesha besi inatoka upande gani.

Ishi nazo wiki mbili kabla ya kusema hazifai. Ukipata mahali zinapoimba, bandika vipande vidogo vya utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwenye pembe za stendi, na mwonyeshe anayefagia, ili akizisogeza ajue pa kuzirudisha.